Kuitafuta Nasaba Ng'ambo: Kutoka Likoni hadi Kisauni

Mji wa Mombasa umejengwa kisiwani, lakini wengi wa watu wake hulala bara. Kila jioni kisiwa hujimwaga kwa njia tatu: kusini kwa feri ya Likoni, magharibi kwa Makupa kuelekea Changamwe, na kaskazini kwa daraja la Nyali kuelekea Kisauni. Mwenye kuzipita njia hizi tatu, akawa na jicho la kutazama, atakutana na Mwingereza mara tatu, na kila mara kwa sura nyingine. Likoni atamkuta katika damu, Changamwe katika majina ya mahali, na Kisauni katika majina ya watu. Makala haya ni ya safari hiyo, na ni ya swali ambalo nyumba si chache za pwani zimelifungia kabatini pamoja na vyeti vya zamani: yule babu Mzungu alikuwa nani, na jamaa zake wako wapi?

Ni swali zito kwetu kuliko kwa wengine. Katika dini yetu nasaba si pambo la kujivunia. Sura ya Al-Ahzab inatuamuru watoto wa kulea waitwe kwa baba zao waliowazaa, na ndiyo sababu yatima tunayemlea hatumvishi jina letu hata tumpende namna gani. Mirathi, walii wa kuozesha, nani maharimu na nani si maharimu, yote husimama juu ya nasaba. Lakini dini hiyohiyo imetufundisha sitara, kwamba aibu ya mwenzio usiifunue. Baina ya mambo haya mawili, kujua na kusitiri, ndipo familia nyingi zilipokwama, mama akamwambia binti, "Nyamaza," na binti akaja kumwambia wake vivyo hivyo.

Tuanze Likoni. Aliyesimama kwenye feri akaelekeza uso magharibi huiona bandari ya Kilindini yote, kulia makreni ya kupakulia shehena, kushoto minazi ya Mtongwe. Jeshi la Wanamaji la Kenya, lililozinduliwa tarehe 12 Desemba 1964, lina makao yake hapo Mtongwe. Lakini manowari zilikwisha kuizoea bandari hii kabla. Mwezi wa Aprili 1942 ndege za Japani ziliishambulia Colombo na Trincomalee katika kisiwa cha Ceylon, ambacho leo ni Sri Lanka. Manowari za Uingereza za Bahari ya Hindi zikarudi nyuma mpaka Kilindini, na Mombasa ikawa makao yao. Hata wataalamu waliokuwa wakifumbua simu za siri za Wajapani walihamishwa kutoka Colombo, wakawekwa katika shule ya Allidina Visram kisiwani. Mji ukajaa vijana wa Kiingereza waliotoka makwao kwa mara ya kwanza, wengi wao hawajatimiza miaka ishirini na mitano.

Mtongwe yuko bibi mmoja, jina lake nalihifadhi, aliyezaliwa mwaka 1944. Ngozi yake ni ya watu wa pwani, macho yake ni ya rangi ya maji ya kina kifupi. Mamake alikuwa akipika mahamri na kuyauza asubuhi karibu na gati. Babake, kwa maneno ya mamake, alikuwa baharia aliyeitwa Joni. Na hapa ndipo penye uzito wa habari: mama huyo alishikilia mpaka siku ya kufa kwake kwamba hakukuwa na fedheha. Joni alitamka shahada mbele ya mwalimu wa kijiji, akapewa jina la Yahya, ambalo ndilo John kwa Kiarabu, na nikaha ikafungwa usiku mbele ya mashahidi. Baada ya miezi michache meli ikaondoka. Barua haikuja hata moja.

Mama aliolewa tena. Baba wa kambo alimlea mtoto kwa wema, na katika kitambulisho bibi huyu anatumia jina la babu yake mzaa mama. Lakini mtaani watoto walipogombana walimwita "mtoto wa manowari", na neno lile lilimfuata mpaka ukubwani, mpaka kwenye posa ya kwanza ambayo haikutimia. Basi mjukuu wake anayefanya kazi Uingereza alipomwambia, "Nyanya, huku kuna vitabu vya kila mtu aliyezaliwa, nitakutafutia," bibi hakutaka paspoti wala urithi. Alitaka kitu kimoja tu: jina la mtu aliyemwoa mamake.

Mikononi mwa mjukuu palikuwa na picha moja. Baharia kijana ameketi kwenye kiti cha studio, kofia yake ina utepe wenye herufi za Kiingereza. Utepe ule ungalikuwa wa wakati wa amani, ungalitaja jina la meli, na kazi ingalikuwa nusu. Lakini wakati wa vita manowari za Uingereza zilificha majina yao, tepe za kofia ziliandikwa "H.M.S." pekee, yaani meli ya mfalme, basi. Na jina la Joni nalo lilikuwa utepe mtupu, kwani katika manowari zile waliokuwa na jina hilo hawakuhesabika.

Kabla hatujaondoka Likoni, kuna jambo moja ambalo kila mwenye hadithi ya baharia aliyenyamaza anafaa alijue. Mwezi wa Februari 1944 meli ya Khedive Ismail iliondoka Kilindini kuelekea Colombo, imechukua wanajeshi wa mizinga wa Afrika Mashariki, mabaharia wa Kiingereza na wauguzi wanawake. Tarehe 12 ya mwezi huo nyambizi ya Japani iliipiga karibu na visiwa vya Maldivi. Katika watu zaidi ya 1,500 waliokuwamo, walikufa karibu 1,300, na meli ilizama kwa dakika chache. Sisemi kwamba Joni alikuwamo. Nasema kwamba kimya cha mtu wa vita si lazima kiwe utoro, na mjane asiyeandikiwa na mtu hana wa kumwambia kuwa ni mjane.

Sasa twende Changamwe. Siku hizi barabara ya Dongo Kundu huzunguka nyuma ya hori ya Port Reitz, na mtu wa kusini anaweza kufika upande wa magharibi bila kukanyaga kisiwa. Jina hilo la Port Reitz, ambalo watu wa Changamwe hulitaja kila siku kwa sababu ya hospitali na mtaa, lina somo lake. Mwaka 1824 nahodha William Owen wa jeshi la maji la Uingereza alifika Mombasa, akawakuta Mazrui wakitafuta himaya dhidi ya Seyyid Said wa Omani. Akakubali kuwapa bendera, akamwacha luteni wake, John James Reitz, awe mkuu wa mji. Reitz hakumaliza mwaka. Alikufa kwa homa mwezi wa Mei 1824 alipokuwa safarini pwani ya kusini. Nafasi yake baadaye akaishika James Emery mpaka mwaka 1826, serikali ya London ilipokataa kuikubali himaya ile na bendera ikashushwa.

Somo ni hili: Reitz alivaa sare ya Uingereza, lakini ukoo wake ulikuwa wa walowezi wa Rasi ya Tumaini Jema kule Afrika Kusini, na jina lake si la Kiingereza. Wazee wetu waliwaita wote Wazungu, na baadaye, serikali ilipokuwa ya Uingereza, waliwaita wote Waingereza. Ndani ya neno hilo walikuwamo Waskoti, Waairishi, Wajerumani, Wagiriki na Makaburu. Familia ikisema "babu yetu alikuwa Mwingereza wa reli," yafaa iulize kwanza kama alikuwa Mwingereza kweli, kwa kuwa kumbukumbu za Scotland na za Ireland hazikai pamoja na za England, na mtu aweza kutafuta miaka mingi katika ofisi isiyo yake.

Reli nayo ilipita hapa. Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896, ukavuka Makupa kuingia Changamwe, na Desemba 1901 njia ikafika ziwani. Baadaye bandari ikapanuka, na mwaka 1963 kiwanda cha kusafisha mafuta kikaanza kazi Changamwe. Kila kazi ilileta mainjinia na wasimamizi kutoka ng'ambo, na wengine waliacha watoto. Hawa, tofauti na mabaharia, wana faida moja kwa mtafutaji: waliandikwa. Gazeti Rasmi la serikali limekuwa likitoka tangu mwaka 1899, na ndani yake mna majina ya waliopewa kazi, waliohamishwa na waliokwenda likizo, pamoja na tarehe. Nakala za zamani zaweza kusomwa katika Hifadhi ya Kumbukumbu za Taifa, Nairobi. Kwa familia yenye jina kamili na mwaka wa kazi, hapo ndipo pa kuanzia, na wala hapahitaji kuvuka bahari.

Twende sasa kaskazini. Ukivuka daraja la Nyali unaingia ardhi ya Kisauni, na kabla hujafika mbali utakuta mahali panaitwa Kengeleni. Kengele yenyewe ingalipo, imetundikwa kando ya barabara, na magari hupita pembeni mwake mchana kutwa. Hapa palikuwa Frere Town. Mwaka 1873 Sir Bartle Frere alitumwa na serikali ya Uingereza kwa Sultani Barghash wa Unguja juu ya biashara ya watumwa, na tarehe 5 Juni mwaka huo mkataba wa kuipiga marufuku biashara hiyo baharini ukatiwa saini. Wamisheni wa Church Missionary Society wakanunua ardhi upande huu wa bara, wakapaita kwa jina lake. Kuanzia mwaka 1875 manowari zilishusha hapa watu waliookolewa katika majahazi, na waliokuwa wamesomeshwa India, walioitwa Waafrika wa Bombay, wakawa walimu na mafundi wao.

Watu hao walipobatizwa walipewa majina ya Kiingereza, na mara nyingi majina hayo yalikuwa ya wamisheni au ya wafadhili waliokuwa England, ambao hawakuwahi kuwaona. Mfano unaojulikana ni wa Matthew Wellington, mmoja wa waliosindikiza maiti ya David Livingstone kutoka bara mpaka pwani. Aliishi Mombasa mpaka kufa kwake mwaka 1935. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Chengwimbe, naye alikuwa Myao. Mwenye kuitafuta asili yake kwa jina la Wellington angefika England na kukuta mlango wa nyumba isiyo yake. Asili yake ilikuwa upande wa Ziwa Nyasa.

Kisauni wako mpaka leo watu wenye majina ya Kiingereza waliyoyarithi hivyo, na wengine katika vizazi vyao wameolewa na kuoa kwa Waislamu, ikawa nyumba moja ina John na Juma. Vijana wao wakiwa ng'ambo, jina likiwasukuma, huuliza kama wana jamaa Uingereza. Jawabu aghlabu ni kwamba walicho nacho Uingereza ni kumbukumbu tu. Karatasi za Church Missionary Society zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Birmingham, na barua za Frere Town zimo. Jina la Kiingereza huwapeleka mpaka kwenye kabati hiyo, kisha kabati huwarudisha Afrika, kwa Wayao, Wanyasa na Wamakua. Safari hiyo ni ndefu zaidi, na kwa haki ina heshima zaidi, kwa kuwa ni ya kurudisha majina yaliyoporwa.

Basi tumeona namna tatu: jina lisilo na damu Kisauni, jina la mahali lisilo la Kiingereza Changamwe, na damu isiyo na jina Likoni. Mwenye kutafuta na ajue kwanza yake ni ipi.

Kama ni damu, na jina lipo, njia imekwisha kutengenezwa. England na Wales zimesajili kila kizazi, ndoa na kifo tangu tarehe 1 Julai 1837, na nakala ya cheti huuzwa kwa yeyote anayeomba, awe wa nchi yoyote, bila kulazimika kufika huko. Kabla ya mwaka huo mna madaftari ya makanisa yaliyoanza mwaka 1538. Sensa yenye majina ya watu wa kila nyumba ipo kila baada ya miaka 10 tangu 1841, na hufichwa miaka 100. Ya 1921 ilifunguliwa mwaka 2022. Ya 1931 iliungua, na ya 1941 haikufanyika kwa ajili ya vita, hivyo pengo hilo huzibwa na daftari la raia la Septemba 1939. Waliokufa vitani hutafutwa bila malipo katika orodha ya tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, na baadhi yao wamelala Mbaraki, hapahapa kisiwani.

Kama jina halipo, kimebaki kipimo cha vinasaba, yaani DNA, ambacho vijana wa ng'ambo hukifanya kwa kutuma mate kwa posta. Hapa pana hadhari mbili. Kwanza, kipimo hicho hakimfunulii mmoja tu. Hufunua siri za nyumba nzima, na walio hai wana haki ya kuulizwa kabla. Pili, kipimo huonyesha damu, na nasaba ya kisheria ni jambo jingine lenye masharti yake. Mwenye mas'ala ya mirathi au ya ndoa na amwendee Kadhi, asijihukumie kwa karatasi ya maabara.

Bibi wa Mtongwe aliulizwa, akakubali. Mate yalipelekwa, na baada ya miezi kadhaa kipimo kikamletea mjukuu watu wawili wa ukoo mmoja, kaskazini mwa England. Akawaandikia barua ya adabu, fupi, isiyodai kitu. Walijibu. Katika ukoo wao walikuwa ndugu watatu, wote mabaharia wakati wa vita, na mmoja tu ndiye aliyerudi nyumbani kuzaa. Yupi kati ya watatu alikuwa Joni, hakuna aliyejua. Wote wamekwisha kufa, na kwa kipimo kile ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ni vigumu kutenganishwa. Bibi aliposomewa barua alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Sasa naijua nyumba, ingawa mlango siujui."

Lakini lile alilolitaka hasa, ushahidi wa nikaha ya mamake, halikuwamo katika vitabu vya Uingereza, wala lisingeweza kuwamo. Sheria ya kusajili ndoa za Kiislamu ilikuwapo nchini tangu mwaka 1906, ila nikaha nyingi za vijijini zilifungwa kwa mdomo na mashahidi, hazikufika kwenye daftari. Ushahidi ulikuwa Mtongwe. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wanakubali katika mambo ya nasaba ushahidi wa istifadha, yaani habari iliyoenea kwa watu wengi na kupokewa bila kukanushwa. Ajuza mmoja wa kijiji hicho alikuwa akisema wazi kwamba mamake yeye ndiye aliyempaka hina bibi harusi, na kwamba mwalimu alikula wali nyumbani kwao usiku ule. Wengine waliyasikia hayo kwa wazazi wao. Miaka themanini watoto wa mtaa walilikumbuka neno la manowari, na wazee waliikumbuka hina, lakini hakuna aliyekwenda kuwauliza wazee.

Wameulizwa sasa, na maneno yao yameandikwa, kila mmoja kwa jina lake, mbele ya imamu wa mtaa. Karatasi hiyo bibi ameiweka pamoja na ile picha. Uamuzi wa kisheria si wetu sisi. Ila wajukuu wake wanapotaja nasaba ya nyanya yao hawainamishi tena kichwa, na hilo si dogo.

Kwa hivyo, kina mama wasomaji, kabla ya kumtuma kijana wa ng'ambo afungue makabati ya London, fungueni la nyumbani. Muulizeni bibi, muulizeni shangazi, muulizeni somo aliyewafunda. Andikeni majina, mahali, jina la mwalimu, jina la meli kama lipo, na hata hadithi inayoonekana ya upuuzi, kwa sababu hina iliyopakwa usiku mmoja yaweza kuwa ndiyo cheti pekee kilichobaki. Vitabu vya Waingereza vimehifadhiwa vizuri na vitangoja. Wazee wetu hawangoji. Mwenyezi Mungu awape umri wenye baraka, awarehemu waliotangulia, na atujaalie kuunga udugu pale ulipokatika. Amin.